SOMO LA AFYA: MAUMIVU YA SIKU ZA KWANZA ZA KUNYONYESHA

Somo hili ni la mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, na wote wanaoishi naye nyumbani hapa Matisi na kwingineko Trans Nzoia. Lisomeni pamoja.

Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, na anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 6 kati ya 10 walio chini ya miezi 6 nchini Kenya hunyonya maziwa ya mama pekee. Wengine huanzishiwa maji, uji au maziwa ya ng'ombe mapema. Safari hiyo inaweza kuanza mama akiwa na uchungu na hakuna aliyemweleza la kufanya.

Maandalizi kabla ya kujifungua

Matiti hujiandaa yenyewe. Usisugue chuchu kwa kitambaa ili "zikomae", wala usizivute. Oga kwa maji ya kawaida, na usipake sabuni kwenye chuchu kwa sababu huondoa mafuta ya asili yanayozilinda. Ikiwa chuchu zako zimeingia ndani, mwonyeshe muuguzi unapoenda kliniki. Wanawake wengi wenye chuchu za aina hiyo hunyonyesha vizuri, mradi wasaidiwe mapema.

Zungumza na mumeo, mama mkwe au dada atakayekusaidia. Kubalianeni nani atateka maji, nani atapika, na kwamba mtoto hatapewa maji ya sukari wala dawa ya tumbo bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Siku ya 1 hadi ya 3

Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni machache, mazito na ya manjano. Usiyakamue ukayamwaga. Yana kinga dhidi ya magonjwa, na yanatosha kwa sababu tumbo la mtoto mchanga ni dogo sana. Mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha mfunike kwa leso na blanketi. Asubuhi za Kitale zina baridi, na joto la mama humfaa mtoto.

Unaponyonyesha unaweza kuhisi tumbo likikaza kama uchungu wa hedhi. Hiyo ni dalili kwamba mji wa mimba unarudi katika hali yake. Huisha baada ya siku chache.

Chuchu zikiuma

Chuchu kuuma kidogo mtoto anapoanza kuvuta ni kawaida siku za mwanzo. Uchungu unaoendelea muda wote anaponyonya, au chuchu kupasuka, mara nyingi huonyesha kwamba hajashika titi vizuri. Fanya hivi:

1. Keti ukiwa umeegemea. Mgeuze mtoto mwili mzima akutazame, tumbo lake liguse lako.
2. Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu na usubiri afungue kinywa wazi.
3. Mlete mtoto kwenye titi, usimpelekee titi. Ashike chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Kidevu chake kiguse titi.
4. Uchungu ukizidi, usimvute. Ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake ili aachilie, kisha anza upya.

Akimaliza, kamua matone machache, yapake kwenye chuchu na uache ikauke kwa hewa. Usipake dawa ya meno wala majani.

Matiti yakijaa na kuwa magumu

Kati ya siku ya 2 na ya 5 maziwa huongezeka. Matiti huwa mazito, yenye joto na maumivu. Dawa kubwa ni kunyonyesha mara kwa mara, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Kabla ya kunyonyesha, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache na ukamue kidogo ili titi lilainike na mtoto aweze kulishika. Baada ya kunyonyesha, weka kitambaa cha maji baridi. Ukiacha kunyonyesha kwa sababu ya uchungu, maziwa hubaki ndani na uchungu huongezeka.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa:

- una homa au kutetemeka, na sehemu ya titi ni nyekundu, ngumu na inauma;
- chuchu zinatoa damu au usaha;
- mtoto hawezi kunyonya, amelegea, au hakojoi vizuri. Kuanzia siku ya 5 anafaa kukojoa angalau mara 6 kwa siku.

Maambukizi ya titi hutibiwa, na kwa kawaida mama huendelea kunyonyesha. Yakiachwa huweza kuwa jipu. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi aendelee kumeza dawa zake kila siku, na akipata kidonda cha chuchu au titi kuvimba, amwone mhudumu bila kuchelewa.

Kwa baba na jamaa

Mama anayenyonyesha anahitaji mlo wa kutosha, maji ya kunywa na usingizi. Mpokeeni kazi za nyumbani. Msimwambie kwamba hana maziwa kwa sababu tu mtoto analia. Mwiteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu amtazame akinyonyesha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini hatufai kumwaga dang'a?
2. Titi likijaa, tufanye nini kabla na baada ya kunyonyesha?
3. Nyumbani kwenu, nani atampokea mama kazi katika wiki 2 za kwanza?