Dondoo muhimu: CT ya kichwa na namba zake

Mgonjwa katoka Mbamba Bay, kapandisha hadi Mbinga, CD ya CT ya kichwa mkononi. Kabla ya kugeuza picha zake za DICOM kuwa faili la NIfTI, soma namba ya kuzidishia (lebo 0028,1053) na ya kujumlisha (lebo 0028,1052). Mfano: namba ghafi 1064, mara 1, ukijumlisha -1024, unapata 40, kiwango cha ubongo. Programu ikiruka hesabu hiyo, 1064 itasomeka kama mfupa! Kagua hewa kando ya kichwa: iwe karibu -1000, maji ni 0.

MRI haina kipimo maalumu kama hicho cha hewa -1000 na maji 0, na mashine za MRI za Philips zina namba ya ziada ya hesabu hiyo. Ukishageuza, linganisha namba ya nukta ileile kwenye mafaili yote mawili, la DICOM na la NIfTI. Weupe wa skrini hudanganya, maana programu hujirekebishia mwanga yenyewe. CD asili usiitupe.