Sailensi Isiyotulia ya Pikapu Kuukuu

Atokaye Kyela, ambako nchi iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, akapanda hadi Makandana hapa Tukuyu, yapata mita 1,500, kisha akazidi kupanda kupitia Kiwira na Isyonje kabla ya kuteremkia Uyole, huwa ameipitisha injini yake katika hewa za namna tatu kwa safari moja. Na ikiwa injini hiyo ni ya petroli na ya kabureta, haina budi kulalamika, na malalamiko yake husikika hasa gari linaposimama na dereva akaondoa mguu kwenye mafuta. Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya miaka ya 1970, yenye injini ya 12R ya lita 1.6, na kwa kuwa imenibebea ndizi na viazi katika barabara hiyo kwa muda mrefu, sailensi yake nimeihangaikia kiasi cha kuweza kuwaeleza wenzangu utaratibu niufuatao.

Kwanza husikiliza, injini ikishapata moto na choki ikiwa imefunguka. Misi inayokuja kwa mpango mmoja hudhihirisha kuwa silinda moja haichomi. Mngurumo upandao na kushuka wenyewe, kama pumzi za mwenye pumu, aghalabu watokana na hewa iingiayo pasipo mahali pake. Ama kasoro ijayo asubuhi za mvua na kutoweka jua likipanda, hiyo ni unyevu katika umeme. Wengi huikimbilia skrubu ya kabureta, maadamu ndiyo iliyo karibu na mkono. Mimi huiacha mwisho, kwani aizungushaye kabla ya kuujua ugonjwa huongeza wa pili juu ya wa kwanza.

Basi huanza na hewa. Gari likiwa limesimama na breki ya mkono imevutwa, hukagua mipira yote ya vakyumu, hususan ule mnene uendao kwenye busta ya breki, ambao hupenda kuchanika upande wa chini usioonekana. Nikiubana kwa koleo na sailensi ikatulia, nimekwisha kumpata mwizi. La sivyo, hunyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi na chini ya kabureta, na mahali ambapo maji yatafyonzwa na mngurumo ukabadilika, pana gasketi iliyochoka au boliti zilizolegea. Wako wanyunyizao petroli badala ya maji, na ni kweli jawabu huja upesi zaidi. Walakini injini ya moto, yenye waya kuukuu zinazovujisha cheche, si mahali pa kumwagia petroli.

Umeme nao wataka uangalifu wa pekee katika nchi hii, ambayo mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Hufungua kifuniko cha distribyuta, nikakikausha kwa kitambaa na kutafuta nyufa na vijistari vyeusi ambamo umeme hutoroka. Kisha usiku, gizani, hufunua boneti injini ikinguruma, na waya mbovu hujitangaza wenyewe kwa vicheche vya buluu. Kujua silinda iliyolala, huchomoa waya za plagi mojamoja kwa koleo lenye mpini wa mpira: ile ambayo kuchomolewa kwake hakubadilishi kitu ndiyo yenye kasoro. Plagi yenyewe ni shahidi mwaminifu: masizi makavu ni petroli iliyozidi, weupe ni hewa iliyozidi, na utelezi wa oili ni habari mbaya.

Mafuta ya vidumu vya kando ya barabara siyaamini. Huyamimina kidogo kutoka kwenye chujio hadi chupa ya kioo, nikayaacha yatulie. Maji, yakiwamo, hukaa chini, nami huyaondoa tangini kabla ya kusafisha bakuli la kabureta na jeti ya sailensi.

Hapo ndipo skrubu huwa na haki ya kuguswa. Hewa ya Tukuyu ni nyepesi kuliko ya Kyela kwa takriban sehemu moja katika kumi, ilhali petroli haipungui kwa kiasi hicho, na kwa hiyo kabureta iliyopangwa vyema kule chini hulewesha injini huku juu pasipo kosa la fundi. Huikaza taratibu hadi mngurumo ukianza kusita, nikairudisha hadi pale unapotulia kuliko pote, kisha nikaiweka sailensi kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Kazi hiyo naona ifanywe hapahapa Tukuyu, kwa kuwa ndipo katikati ya mteremko na mpando, na upungufu wa Kyela na uzidifu wa Isyonje huvumilika.

Silinda ikibaki imelala baada ya yote hayo, nunua subira badala ya vipuri: pima mgandamizo wake, na ukiwa hafifu, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ukipanda, ringi zimekwisha. Usipopanda, shuku valvu, na kabla ya kukubali kufungua kichwa cha injini, mwambie fundi apime nafasi zake, kwani valvu iliyobanwa mno haifungi.