Fedha za Nani, Jina la Nani: Mafunzo Niliyopata Bonde la Ruvu

Mimi ni mtoto wa Matombo, mashariki mwa milima ya Uluguru. Mito ya kwetu huteremka, ikaungana na kuwa Ruvu, ikapita Kidunda, kisha ikafika kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayoinywesha Dar es Salaam. Hapo Kidunda linajengwa bwawa la kushika maji mita za ujazo milioni 190 na kuzalisha megawati 20 za umeme. Mkataba ulisainiwa Novemba 2022 kati ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na kampuni ya Sinohydro ya China, lakini wazo lenyewe lina zaidi ya nusu karne.

Kwa muda mrefu nimekuwa mkalimani wa wageni wanaokuja Morogoro kuonana na watu wanaopisha mabwawa: wanafunzi, wanasheria, wanaharakati wa Ulaya na Marekani. Wengi wao wana nia safi. Haya ndiyo niliyojifunza nikiwa katikati yao na wenyeji.

1. Uliza kwanza fedha zimetoka wapi

Kila mgeni hunisimulia ushindi wa mahali fulani. Honduras, baada ya Berta Cáceres wa jamii ya Lenca kuuawa Machi 2016, wafadhili wa Uholanzi na Finland walijitoa mwaka uliofuata kwenye bwawa la Agua Zarca alilokuwa akilipinga. Uganda, waliopinga bwawa la Bujagali walifikisha malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, na Benki ikalazimika kujibu. Ukitazama vizuri, nguvu ya hao marafiki wa mbali ilipitia mlango mmoja: mkopeshaji aliyekuwa na kanuni zake na jina la kulinda.

Mlango huo si wa uhakika. Ikal Angelei wa Kenya na wenzake wa Friends of Lake Turkana walipigania wavuvi na wafugaji wa Ziwa Turkana dhidi ya bwawa la Gibe III la Ethiopia. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilijiondoa, mkopo ukapatikana China, na bwawa likazinduliwa 2016.

Kwetu mlango huo haupo kabisa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115, lilipingwa na UNESCO na mashirika makubwa ya uhifadhi kwa sababu ya pori la akiba la Selous. Serikali ikajenga kwa fedha za ndani, na Desemba 2022 maji yakaanza kujazwa. Kidunda nako fedha ni za serikali. Mgeni akiniambia ataandika barua kwa benki, namuuliza: benki gani? Mwenye fedha ni mlipa kodi wa Tanzania, na anayeweza kumhoji msimamizi wa fedha hizo ni huyo huyo mlipa kodi.

2. Dunia ilishawahi kuja mkoani kwetu, na ilimfuata chura

Mradi wa umeme wa Kihansi, megawati 180, ulipoanza kazi karibu na mwaka 2000, maji yaliacha kumwagika kwenye maporomoko na ule ukungu wake ukakatika. Hapo ndipo alipoishi chura mdogo asiyepatikana kwingine duniani, aliyegunduliwa 1996. Vyura 499 wakapelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Bondeni wakawekewa mabomba ya kunyunyiza maji. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini, na 2012 baadhi wakarudishwa nyumbani.

Naiheshimu kazi ile kwa moyo wote. Inaonyesha kinachowezekana watu wenye ujuzi na fedha wakiamua kutochoka kwa miaka kumi na zaidi. Ninachotaka ni uvumilivu wa aina hiyo kwa mama mwenye ekari mbili za ufuta na mpunga, na kwa mkulima wa Rufiji anayetegemea kilimo cha mlau, cha kupanda maji ya mafuriko yanapopungua. Huyo mkulima sikumsikia sana katika kelele za Selous.

3. Tazama jina lililoandikwa kwenye daftari la fidia

Hili ndilo lililonishika kuliko yote. Waluguru, na Wakutu wa bondeni, hufuata ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Mwanamume anaweza kulima shamba la mkewe miaka thelathini, na likabaki la ukoo wa mkewe. Sasa anakuja mthamini na fomu yake, anauliza mkuu wa kaya ni nani. Watu, kwa adabu, wanamtaja baba.

Bibi mmoja aliniita pembeni baada ya mkutano. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, waambie wageni wako, mimi sina ugomvi na maji. Hili shamba alinipa mjomba wangu. Mbona jina ni la mume wangu, na akaunti ya benki ni ya mume wangu? Fedha zikiisha, wajukuu wa binti zangu watarudi kwa nani?"

Nilitafsiri. Wageni waliandika kwenye tamko lao kwamba "jamii inapinga mradi". Bibi hakusema hivyo. Alitaka jambo dogo linalotekelezeka, ambalo sheria yetu haimzuii kulipata: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua umiliki wa kimila na inawalinda wanawake. Kanuni za fidia za 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea. Hazitaji kaka wala mjomba, wala mti wa tambiko wa ukoo, lakini zinatosha kuanzia. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo inasema tathmini ikipita miaka miwili bila malipo hufa, lazima ifanywe upya. Ni wanavijiji wangapi wanaijua?

Mwanasheria mgeni aliyewahi kunifurahisha kuliko wote hakuleta bango. Aliketi na halmashauri ya kijiji na mwenzake wa Kitanzania, wakasoma vifungu hivyo kwa Kiswahili, kimoja kimoja, mpaka mtendaji akaomba nakala.

4. Msemaji achaguliwe na waliopoteza shamba

Waliofukuzwa Ngare Nanyuki, kaskazini mwa Tanganyika, mwaka 1951 ili kupisha walowezi walikuwa Wameru wapatao 3,000. Walichanga wenyewe, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa Moshi, akawasaidia kwa elimu yake. Seaton hakuchukua nafasi ya Japhet. Ardhi haikurudi siku ile, lakini Tanganyika nzima ikasikia kwamba mkulima anaweza kusimama mbele ya dunia na kusema kwa kinywa chake.

5. Kwetu upinzani haukuletwa na mgeni

Mwaka 1955 Matombo ilisimama dhidi ya matuta ya lazima ya Waingereza, ambayo yaligharimu nguvu za wanawake na kufukua udongo usio na rutuba kwenye miteremko mikali. Polisi walipiga risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Wakulima waliijua ardhi yao kuliko wataalamu. Kabla ya kuja kutufundisha kupinga, tuulizwe tunajua nini.

6. Rafiki wa karibu yuko mwisho wa bomba

Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipungua, na Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgao. Kiu ile ilikuwa ya kweli, na sitaki kumwambia mama wa Mbagala asubiri. Ila maji ya Kidunda yatafika kwake kupitia mashamba ya watu, na hajaulizwa kama anaridhika na namna walivyolipwa.

Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ina ofisi hapa Morogoro. Jumuiya za watumia maji zina haki ya kusikilizwa. Natamani wateja wa DAWASA waje na swali moja: majina yaliyoko kwenye daftari la fidia la Kidunda ni ya akina nani, na akina mama wenye ardhi wako wangapi humo? Nitakalimani bure.