Dondoo muhimu: Kabla ya kufunga taa ya LED kwenye pikipiki

Usianze na balbu, anza na umeme. Fungua swichi injini ikiwa imezimwa, kisha washa taa ya mbele. Isipowaka, na ukiwasha injini mwanga ukapanda na kushuka kila unapovuta mafuta, huenda taa inalishwa moja kwa moja na koili ya injini, si betri. Umeme huo ni wa AC. Balbu nyingi za LED zinataka DC ya volti 12. Ukiziunga hapo zitapepesa au kuungua mapema. Mwambie fundi avute waya kutoka betri, apitishie kwenye fyuzi na rilei.

Pima pia nafasi nyuma ya taa. LED ina kipoza joto, na kikibanwa bila hewa, balbu haidumu.

Rangi: kelvini 4300 hadi 5000 zinatosha. Mwanga wa kibuluu unasumbua kwenye mvua na vumbi.

Ninalosisitiza zaidi ni macho ya anayekuja mbele yako. Kiakisi cha taa kilitengenezwa kwa waya mdogo wa halojeni. Chipu za LED zisipokaa palepale, mwanga hutawanyika hata ukiweka dimu. Usiku, simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, ikalie, weka dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uonekane wazi, chini kidogo ya kimo cha taa. Ukikuta umetapakaa ukuta mzima na kurekebisha taa hakusaidii, rudisha balbu hiyo dukani, hata kama inamulika mbali.