Dondoo muhimu: Fundi wa ujenzi na chama cha wafanyakazi, Bujumbura

Katiba ya Burundi ya 2018 inatambua haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na ya kujiunga nacho. Kapita hana ruhusa ya kukukataza.

Anza na INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii. Mchango wa pensheni mnauchangia wewe na mwajiri. Wa ajali za kazini hulipwa na mwajiri peke yake, usikubali ukatwe kwenye ujira wako. Fundi mmoja akidai kuandikishwa INSS, huenda akaambiwa asirudi kesho. Mafundi wote wa kiwanja wakidai kupitia chama, kuwafukuza kunasimamisha zege.

Kabla ya kutoa ada, uliza chama kiko chini ya shirikisho gani, COSYBU au CSB, kisha dai risiti. Asiyetoa risiti, mwache.

Vibarua wa kutwa, wayede wakiwemo, wekeni daftari: tarehe, kiwanja, jina la kapita, ujira mliokubaliana. Makubaliano ya mdomo ni magumu kuyatetea mbele ya mkaguzi wa kazi. Mashahidi nao watafuteni mapema, kabla jengo halijaezekwa na mafundi kutawanyika.