Mchezo Mfupi wa Kanisani

Mchezo ndani ya ibada si jambo geni. Karne ya 10, katika kanisa la watawa la Winchester, Uingereza, watawa watatu wenye vyetezo waliigiza wanawake waliofika kaburini alfajiri ya Pasaka, na malaika akawauliza wamtafuta nani. Maneno yalikuwa machache, wala jukwaa halikuwapo.

Tutwae Msamaria Mwema, Luka 10. Wengi huuharibu kwa kuwapa wanyang'anyi muda mrefu wa kupigana (vijana tunapenda ngumi!). Mapigo mawili yatosha. Uzito uko kwa kuhani na Mlawi: kila mmoja amtazame majeruhi, anyamaze, kisha avuke upande wa pili polepole.

Je, Msamaria awe nani? Wasikilizaji wa kwanza waliwadharau Wasamaria. Basi ukiiweka njia yako kati ya Mikindani na Mtwara, awe yule ambaye mtaa wenu humcheka, labda mgeni aliyevuka Ruvuma kwa mtumbwi. Lakini asiigizwe kwa lafudhi ya kuchekesha. Watu wakicheka, hawataona haya anapoinama kufunga jeraha.

Mwenye nyumba ya wageni akishapokea dinari mbili, mchezo umekwisha. Asisimame mtu kueleza maana.