Anayeombwa Ushauri wa Masomo Amepewa Amana

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake.

Hapa Kizimbani, ilipo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, kijana mmoja mwenye shahada ya kwanza ya kilimo alinionesha simu yake. Yumo katika kundi la mazungumzo la wahitimu, na ndani yake wamo wenye shahada za uzamili na uzamivu. Aliuliza: “Nataka kuendelea na masomo, nianzie wapi?” Mmoja alimfanyia mzaha. Mwengine alimwambia asihangaike, yupo mtu wa kumwandikia tasnifu kwa malipo. Baadaye kijana akaja kujua kuwa mwenzake mmoja alikuwa na tangazo la udhamini, akalificha mpaka tarehe ikapita, kwa sababu naye ameomba.

Ndugu Waislamu, tusidhani kuwa haya ni mambo ya simu tu. Katika Sura Ash-Shura, aya ya 38, Allah (SW) amewasifu waumini kuwa mambo yao huyaendesha kwa kushauriana. Na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa anayetakwa ushauri ameaminiwa (Abu Daud na Tirmidhi). Basi jibu lako ni amana, na utaulizwa.

Sahaba Jabir bin Abdillah (RA) alisafiri mwezi mzima kumfuata Abdullah bin Unais (RA) kwa ajili ya hadithi moja tu. Alipofika hakufichwa kitu. Hapa kwetu, Sayyid Ahmad bin Sumait (1861-1925) alikwenda Istanbul, Misri na Makka kutafuta elimu, kisha akarudi Unguja akasomesha. Leo swali linafika kwa dakika moja, lakini jibu la kweli halipatikani!

Wenye shahada tushike mambo matatu.

Kwanza, tusifiche. Rizki imeshagawiwa, tangazo ulilomnyima nduguyo halikuongezei chako.

Pili, tuseme kweli. Mwambie kijana kuwa uzamivu ni kazi ya miaka, na kwamba si kila anayeupata hupata nafasi ya kusomesha chuo kikuu. Mwambie kuwa kukubaliwa na chuo siko kupata udhamini, na kwamba atafute mapema msimamizi anayeijua mada yake. Mtajie Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Na akitakiwa atume pesa ndipo “apewe” udhamini, mwambie ajihadhari na matapeli.

Tatu, tusielekezane kwenye ghushi. Mtume (SAW) amesema kuwa anayetughushi si katika sisi (Muslim). Tasnifu ya kununua ni ghushi. Mwenye nayo kesho ataitwa mtaalamu, aje amshauri mkulima wa hapa kuhusu maradhi ya migomba na mikarafuu asiyoyajua. Mkulima akikosa mavuno, dhima hiyo ni ya nani? Ni ya aliyenunua, aliyeuza, na aliyemwonesha njia.

Ewe ndugu uliyetangulia, na wewe uliwahi kuuliza, na yupo aliyekujibu. Leo fungua simu yako, mtafute kijana mmoja ambaye swali lake ulilipita, umjibu kama ambavyo ungependa mwanao ajibiwe.

Allah (SW) atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi za kweli. Amin.